Watu wa Demani: Siku kumi kutoka Salt Lake City hadi lango la Mercury

Nimerejea Dar es Salaam wiki tatu zilizopita, na simulizi hii nimeijenga kutokana na daftari moja dogo, picha zilizo katika simu yangu na risiti nilizozihifadhi katika bahasha. Mimi ni muuguzi. Miaka kumi ya mwisho nimeitumia katika wodi ya wagonjwa wa saratani, na hiyo ndiyo sababu, nilipokwenda Marekani kumsalimu mdogo wangu anayeishi jimbo la Utah, nilimwomba anipeleke kusini mwa jimbo hilo, katika miji iliyonyeshewa vumbi la majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa na serikali ya Marekani katika jimbo jirani la Nevada kati ya mwaka 1951 na 1962.

Wenyeji wa huko hujiita watu wa chini ya upepo. Marehemu baba yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi Kilwa Kivinje, angewaita watu wa demani. Kwake upepo ulikuwa na pande mbili tu: goshini, unakotoka, na demani, unakoelekea. Alitukanya kumwaga majivu ya jiko upande wa goshi, kwa kuwa yatawarudia wenyewe usoni. Yamwagwe demani, nayo yatakwenda zake. Hatukuwahi kuuliza yanakwenda kwa nani, kwa sababu demani yetu ilikuwa bahari tupu.

Jumamosi, 6 Septemba 2025: Salt Lake City

Safari ya ndege ilichukua zaidi ya saa thelathini na haina la kusimulia. Jioni ya siku niliyofika, jirani za mdogo wangu, familia iliyotoka Likasi, Kongo, walitualika chakula: bukari (ugali wao), sombe (kisamvu) iliyoungwa kwa mawese na samaki wa kukaanga. Katika jiji hili wapo Wakongo na Warundi wengi, na Kiswahili utakisikia katika maduka ya vyakula na makanisani.

Mzee wa nyumba aliponiuliza ninakwenda wapi, nami nikamweleza, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Ile majiwe ilitokaka kwetu, Dada." Alikuwa akizungumzia Shinkolobwe, mgodi usio mbali na Likasi, ambao urani yake ilikuwa na kiwango cha juu kisicho cha kawaida. Mwaka 1940 Edgar Sengier, aliyeiongoza Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, yakahifadhiwa Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa ajili ya mradi wa bomu. Madini ya Kongo yaliendelea kwenda Marekani hata katika miaka ya 1950. Mzee yule alisema babu yake alibeba mawe hayo mgongoni na hakuna aliyemwambia ni mawe ya nini. Nililiandika neno lake katika ukurasa wa kwanza wa daftari kabla sijaanza safari yenyewe, na sasa naona lilistahili kukaa hapo.

Jumatatu, 8 Septemba: Salt Lake City hadi Cedar City, kilomita 400

Tuliondoka saa 12 asubuhi kwa gari la mdogo wangu, Toyota ya miaka kumi na mitatu. Barabara kuu namba 15 imenyooka kuelekea kusini, na baada ya Nephi mwendo unaoruhusiwa hufikia maili 80 kwa saa. Kwa atakayefuata njia hii: jazeni petroli kabla mshale haujafika robo, kwa kuwa vituo viko mbalimbali, na bebeni maji, walau lita nne kwa kila mtu. Petroli ya safari nzima, kwenda na kurudi, ilitugharimu dola 118.

Karibu na Beaver gurudumu la nyuma lilipasuka. Tulikuwa tumesimama kandokando ya barabara kwa robo saa, magari makubwa yakitupita na kututikisa, aliposimama mwanamume mwenye kofia pana na mbwa wawili nyuma ya gari lake. Alitubadilishia gurudumu, akatuongoza hadi gereji ya mji, akasubiri tairi lizibwe, na alipoona mdogo wangu anafungua pochi akamzuia fundi asipokee. Tulipoketi kunywa kahawa nikamweleza kilichonileta. Akasema wilaya yao ya Beaver ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1990 ya kuwafidia waathirika wa vumbi la majaribio, na mama yake alilipwa. Kisha akaandika namba ya simu kwenye kitambaa cha karatasi, akasema, "Ukifika Cedar City mtafute mzee huyu, umwulize habari za kondoo."

Tulilala katika hoteli ndogo ya kandokando ya barabara kwa dola 71.

Jumanne, 9 Septemba: Cedar City

Mzee wa kondoo ana miaka 84. Mwaka 1953 alikuwa na miaka 12, na baba yake alikuwa miongoni mwa wafugaji ambao kila majira ya baridi huchunga upande wa Nevada, kisha wakati wa kuchipua majani huwarudisha kondoo Cedar City kuzalia. Malisho hayo yalikuwa kaskazini na mashariki ya eneo la majaribio, demani kabisa.

Alitupokea mlangoni, akatukalisha jikoni, akaweka mezani sufuria ya nyama ya kondoo iliyochemshwa na viazi, akaomba dua, ndipo akaanza kusimulia. Kondoo walirudi wakiwa na vidonda puani na midomoni, mahali panapogusa majani wanapokula. Manyoya yalinyofoka kwa mkono kama pamba kutoka godoro bovu. Wana-kondoo walizaliwa wadogo mno, wengine bila manyoya, wakafa siku hiyohiyo au ya pili. Kazi yake, akiwa mtoto, ilikuwa kuwakokota waliokufa hadi kwenye rundo nyuma ya banda. Wafugaji wa eneo hilo walipoteza kondoo na wana-kondoo zaidi ya 4,000 msimu ule.

Madaktari wa mifugo waliofika kwanza walipima wanyama kwa kifaa cha mionzi, na mzee anakumbuka mlio wake ukienda kasi kilipokaribishwa shingoni. Hapo shingoni ndipo ilipo tezi ya thairoidi, nayo ndiyo inayokusanya iodini mwilini, iwe nzuri au yenye mionzi. Hata hivyo, Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha serikali kilichosimamia majaribio, ilitangaza kwamba vifo vilitokana na lishe duni na baridi. Wafugaji walikwenda mahakamani, na mwaka 1956 Jaji A. Sherman Christensen akaamua kwamba hawakuthibitisha dai lao. Mwaka 1982, baada ya nyaraka za serikali kufunguliwa, jaji huyohuyo alitamka kwamba mahakama yake ilidanganywa, akaamuru kesi isikilizwe upya. Lakini mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo, na kondoo wale hawakulipwa.

Nilimwuliza mzee kilichomuuma zaidi. Hakutaja fedha. Alisema ni kule kuambiwa kwamba baba yake, mtu aliyefuga kondoo tangu utoto wake, hakujua kuwalisha.

Nimekaa na habari hii ya kondoo kwa sababu ni ya watu pia. Mnyama alikula majani siku ileile vumbi lilipotua, akapata dozi kubwa ya mionzi, akaugua ndani ya wiki chache, kwa hiyo onyo lilikuwapo tangu Juni 1953 kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Binadamu alipata dozi ndogo zaidi, na saratani haiji kesho yake: ya damu yaweza kuanza kujitokeza baada ya miaka miwili hivi, ya tezi baada ya miaka mitano au zaidi, na uvimbe wa viungo vingine baada ya miaka kumi, ishirini, hata hamsini. Wodini kwetu nimeona jinsi mgonjwa anavyohangaika kutafuta chanzo katika wiki iliyopita au mwaka uliopita. Hakuna anayefikiria alichokunywa akiwa darasa la kwanza.

Jioni tulishuka kilomita 85 hadi St. George, na joto likapanda kila tulipoteremka.

Jumatano, 10 Septemba: St. George

Mji huu umezungukwa na miamba myekundu kama udongo wa Njombe baada ya mvua, na katikati yake limesimama hekalu jeupe la Wamormoni, kanisa lenye waumini wengi Utah, lililowekwa wakfu mwaka 1877. Joto lilikuwa nyuzi 36. Mwaka 1953 walikuwa watu kama 5,000. Leo wamepita laki moja, wakiwamo wahamiaji wengi wastaafu wasioijua habari hii.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya bibi mmoja wa miaka 79, dola 90 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa cha mikate, mayai na pichi alizozihifadhi mwenyewe katika mitungi. Siku ya kwanza nilimwita kwa jina la ukoo kama ilivyo adabu yao, lakini mdogo wangu alipomweleza kwamba kwetu mwanamke wa umri wake huitwa Bibi, alituomba tumwite hivyo mpaka tunaondoka.

Tarehe 19 Mei 1953, alfajiri, bomu lililopewa jina la Harry, lenye nguvu ya kilotani 32, yaani sawa na tani 32,000 za baruti ya TNT, lililipuliwa juu ya mnara katika jangwa la Nevada, takribani kilomita 200 magharibi ya hapa. Bibi alikuwa na miaka 7, na mdogo wake wa kike miaka 5. Anakumbuka mwanga uliopita dirishani kabla ya jua, kisha, asubuhi, wingu la rangi aliyoifananisha na kutu. Watu wazima walitangaziwa kwa redio wakae ndani, na magari yaliyopita barabarani yalisimamishwa yakaoshwa. Lakini tangazo lilipokuja, yeye na mdogo wake walikuwa wameshakwenda shule, na wakati wa mapumziko walicheza uani. Saa sita mchana wakaambiwa hatari imekwisha.

"Tukarudi nyumbani," alisema, "mama akatupa maziwa."

Hapo aliponyamaza nilimsaidia kwa kile ninachokijua, na nitakiandika hapa pia. Vumbi la mlipuko lina mamia ya aina za chembe zenye mionzi, nyingi zikiishiwa nguvu ndani ya saa au siku. Iodini-131 hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku nane. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha: iodini hutua juu ya majani, ng'ombe huzunguka akila majani ya eneo pana ambalo mtoto hangelikanyaga kwa mwaka mzima, kisha huikusanya yote katika ndoo moja ya maziwa. Mtoto hunywa maziwa mengi kuliko mtu mzima kwa uzito wake, na tezi yake ni ndogo, kwa hiyo kiasi kilekile cha iodini huichoma zaidi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1997 na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo, wa hadi miaka mitano, walipata dozi takribani mara tatu hadi saba ya wastani wa nchi. Strontiamu-90 hufuata njia nyingine: mwili huidhani kalisi, ukaijenga ndani ya mifupa, nayo huchukua takribani miaka 29 kupungua nusu. Sesiamu-137 huenea katika misuli, nayo huchukua takribani miaka 30 kupungua nusu.

Familia ya Bibi ilikuwa na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, na bustani ya mboga. Mama yao alijivunia kwamba watoto wake hawakuwahi kunywa maziwa ya dukani. Hakuna mtu aliyemwambia awape ya unga kwa wiki chache au amlishe ng'ombe majani makavu ya ghalani, jambo ambalo lingewakinga kwa gharama ndogo sana. Hili ndilo lililonikasirisha kuliko mengine yote niliyoyasikia katika safari hii, na bado linanikasirisha ninapoandika. Mwaka 1957 Tume ya Nishati ya Atomiki iligawa kijitabu kwa wakazi wa maeneo haya, kikiwashauri kwamba jambo bora kwao ni kutokuwa na wasiwasi juu ya vumbi hilo.

Mdogo wake Bibi alifariki mwaka 1959, akiwa na miaka 11. Saratani ya damu. Bibi mwenyewe aliishi bila tatizo hadi majira ya vuli ya mwaka 2024, daktari alipogundua saratani katika tezi yake. Ameshafanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri; anameza kidonge kila asubuhi na kovu lake analifunika kwa kitambaa cha shingo.

Jumatano hiyohiyo, usiku

Baada ya chakula Bibi alileta boksi la viatu lililojaa karatasi. Sheria ya fidia iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwaka 1990 iliwapa watu wa demani dola 50,000 kila mmoja aliyeugua saratani zilizoorodheshwa, lakini iliachwa ikaisha muda wake Juni 2024, miezi michache tu kabla ya ugonjwa wa Bibi kugunduliwa. Julai 2025 ilifufuliwa, fidia ikapandishwa hadi dola 100,000, na mara hii Utah yote imeingizwa, pamoja na Idaho na New Mexico, na maombi yatapokelewa hadi mwisho wa mwaka 2027. Anachodaiwa mwombaji ni ushahidi wa ugonjwa na ushahidi kwamba aliishi hapo katika miaka ile. Ugonjwa anao katika karatasi za hospitali. Makazi ndiyo taabu: nyumba ya wazazi ilivunjwa, na rekodi za shule yake ya msingi hajazipata.

Tulikaa mezani hadi saa tano usiku tukipanga karatasi kwa miaka. Ni kazi niliyoizoea. Wodini kwetu nimewapangia wagonjwa wengi faili zao. Wakati huo mdogo wangu alikuwa kimya na simu yake. Kumbe alikuwa ameingia katika tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Utah, ambayo huweka wazi vyeti vya vifo vya zamani. Akamsogezea Bibi simu. Kilikuwa cheti cha mdogo wake, kimeandikwa kwa mkono wa daktari, na kwenye mstari wa chanzo cha kifo limeandikwa jina la ugonjwa. Bibi hakuwahi kukiona. Alikisoma mara nyingi, akagusa kioo picha ikapotea, mdogo wangu akairudisha, akakisoma tena.

Cheti hicho hakimpi haki yoyote. Sheria inamruhusu mume au mke, mtoto, mzazi, mjukuu au babu na bibi wa marehemu kudai kwa niaba yake. Ndugu wa tumbo moja hayumo. Nilipomweleza alijibu kwamba anajua, na kwamba anataka nakala kwenye karatasi.

Alhamisi, 11 Septemba: St. George hadi Las Vegas, kilomita 190

Asubuhi Bibi alinipeleka katika kliniki inayowachunguza bure watu waliowahi kuathiriwa na vumbi hilo. Muuguzi wa pale, baada ya kujua kazi yangu, alinipa nusu saa yake. Huanza na historia: ulizaliwa wapi, ulikuwa na miaka mingapi wakati gani, mlikuwa na ng'ombe au mlinunua maziwa. Hufuata kupapasa shingo, vipimo vya damu na vya choo, na rufaa kwa vingine. Nilimwuliza humjibu nini mgonjwa anayetaka kujua kama saratani yake ililetwa na bomu. Alisema huwaeleza ukweli, kwamba chembe ya saratani haina muhuri wa mahali ilipotoka.

Na huo ndio ugumu wa jambo hili lote. Saratani huwapata watu hata pasipo vumbi la nyuklia, kwa hiyo huwezi kumnyooshea kidole mgonjwa mmoja ukasema huyu ni wa bomu. Waweza tu kuhesabu watu wengi na kuona kwamba wamezidi. Mwaka 1965 Edward Weiss wa idara ya afya ya serikali kuu alihesabu vifo vya saratani ya damu katika wilaya mbili, hii ya St. George na ile ya Cedar City, akakuta 28 mahali ambapo vilitarajiwa 19. Ripoti yake haikuchapishwa. Mwaka 1979 Joseph Lyon na wenzake walionyesha kwamba watoto wa kusini mwa Utah waliokulia wakati wa majaribio walikufa kwa saratani hiyo mara 2.44 kuliko waliokulia huko kabla au baada. Watu 1,192 walifungua kesi, wakitetewa na mawakili akiwamo Stewart Udall, aliyewahi kuwa waziri. Mwaka 1984 Jaji Bruce Jenkins aliwapa ushindi 10 kati ya 24 waliochaguliwa kuwa mfano. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikaufuta ushindi huo, haikusema kwamba vumbi halikuua, ila kwamba serikali haishtakiwi kwa maamuzi yake ya kisera.

Barabara ya kwenda Las Vegas hupita katika korongo la mto Virgin, kwenye pembe ya Arizona, na hapo dereva asihangaike na picha, kwa kuwa kona ni kali na malori ni mengi. Mkivuka kuingia Nevada rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Kuhusu malazi ya Las Vegas, ulizeni kabla ya kulipa: chumba chetu kilitangazwa kwa dola 52, kikaongezwa ada ya huduma ya dola 45 tulipofika mapokezi.

Ijumaa, 12 Septemba: Mercury

Asubuhi tulitembelea makumbusho ya majaribio ya atomiki yaliyo Las Vegas. Tulilipa chini ya dola 70 kwa watu wawili. Humo utaona kwamba katika miaka ya 1950 mji huu uliyageuza majaribio kuwa kivutio, na wageni wa hoteli walipanda juu ya paa alfajiri kuangalia wingu likipanda. Waliweza kufanya hivyo kwa usalama kwa sababu upepo ulipoelekea Las Vegas au miji ya California mlipuko uliahirishwa. Ulisubiriwa upepo wa kwenda mashariki. Nimeisoma sentensi hii mara nyingi katika daftari langu. Wapimaji wa hali ya hewa walijua demani ni wapi, na demani hii haikuwa bahari.

Mchana tulifuata barabara namba 95 kaskazini-magharibi, kilomita 105, hadi njia ya kuingilia Mercury, mji mdogo ulio ndani ya lango la eneo la majaribio. Eneo la majaribio ni la takribani kilomita za mraba 3,500, kubwa kuliko Unguja na Pemba pamoja, na ni ardhi ambayo Washoshone wa Magharibi wanasema hawakuitoa kamwe katika mkataba wao wa mwaka 1863. Majaribio 100 yalifanyika hewani hapa, na 828 chini ya ardhi, la mwisho likiwa Septemba 1992. Hata ya chini ya ardhi hayakuwa salama daima: Desemba 1970 lile la Baneberry lilipasua ardhi na kutoa wingu. Zipo ziara za bure za kila mwezi kwa basi, ambazo huonyesha hata shimo la Sedan lenye upana wa karibu mita 390, lakini nafasi hujaa mapema sana, wageni wasio raia wana karatasi za ziada, na simu na kamera haziruhusiwi. Sisi hatukupata. Asiye na kibali asivuke mstari wa lango wala asipige picha kibanda cha walinzi. Tulisimama mbali kabla ya hapo, kwenye changarawe.

Hapakuwa na cha kuona ila nguzo za umeme, vichaka na milima iliyokauka. Mdogo wangu aliuliza kama ni hatari kusimama pale, na huenda wasomaji wengine wangeuliza hivyo pia: barabarani na katika miji tuliyopita hakuna hatari ya kumzuia mgeni, kwani iodini ile ilikwisha zamani; mabaki mazito, ikiwamo plutoniamu, yamo ndani ya uzio na chini ya ardhi.

Nilivua kanga niliyojitanda, nikaishika kwa pembe mbili, nikainyanyua. Upepo wa alasiri uliijaza mara moja kama tanga, ukaivuta kuelekea kaskazini-mashariki. Mdogo wangu alitoa ramani ya simu, akafuata mwelekeo kwa kidole, na hakusema kitu. Ilikuwa inaelekea kwa mzee wa kondoo.

Jumamosi 13 na Jumapili 14 Septemba

Tulirudi kwa njia ileile. Tulipita St. George kumpa Bibi nakala ya cheti tuliyoichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi kwa senti 40, naye akatufungia mitungi sita ya pichi katika magazeti.

Jumatatu, 15 Septemba: Salt Lake City

Siku yangu ya mwisho niliitumia Maktaba ya Marriott ya Chuo Kikuu cha Utah, yenye mkusanyo wa nyaraka na masimulizi ya watu wa demani, ambao sehemu yake husomeka hata mtandaoni. Kuna ramani pia zinazoonyesha jinsi vumbi la kila jaribio lilivyotembea. Lilivuka Utah, likapanda Idaho na Montana, likafika hadi pwani ya mashariki. Taasisi ya Taifa ya Saratani nayo ina kikokotoo mtandaoni ambacho Mmarekani wa umri huo huweka tarehe ya kuzaliwa, wilaya aliyoishi na aina ya maziwa aliyokunywa, akapata makadirio ya dozi ya tezi yake. Nilijaza kwa umri wa Bibi na kwa ng'ombe wa nyuma ya nyumba. Kisha nikajaza kwa umri wa mdogo wake. Tarakimu zile nimezinakili, lakini sitazitoa hapa, ni zao.

Mitungi miwili ya pichi ilifika Dar es Salaam salama. Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti: katika kumbukumbu za kanisa la St. George wamepata orodha ya familia za mwaka 1955, na jina la Bibi limo, pamoja na mtaa. Jina la mdogo wake linafuata chini yake, mstari mmoja.